Jinsi ya kutumia fonti ya mwandiko wa duara bila kuharibu kazi yako

Sote tunazijua hizi fonti hata kama majina yake hatuyajui, zile herufi nene nene zilizoviringana, ncha butu kama zimechorwa na makapeni, "a" ni duara na kijiti pembeni, kona kali hakuna popote, ukiziona tu unajua hapa kuna mtoto, au sherehe, au mtu anataka utabasamu. Nzuri sana. Na ndo hizohizo zinazoharibu kazi za watu kila siku, kwa sababu mtu akishaipenda moja anaimwaga kila mahali kuanzia kichwa cha kazi mpaka namba ya simu, alafu anashangaa mbona tangazo lake linafanana na daftari la chekechea.

Mi nazitumia kwenye vijitabu vya watoto, kadi, stika na mabango, na mengi ya hapa chini nimeyajua baada ya kuchapisha vitu vibaya. Kitu kimoja utanisikia nakirudia: fonti hizi zinataka maneno machache, na maneno yenyewe yawe yameshaanza kucheka kabla hujazigusa. Ukiipa barua ya kudai deni nayo itaichekea tu, haijui kununa.

Hatua ya 1: Soma maneno kwanza

Watu wanairuka hii. Chukua maneno unayotaka kuandika, yasome kwa sauti, jiulize anayeyasema ana uso gani. "Karibu darasani" ana tabasamu. "Njoo tucheze!" meno yote nje. "Masharti ya mkataba", tangazo la msiba, "Hatari, umeme", hapo usijaribu kabisa, mtu akikuta onyo la umeme limeandikwa kwa herufi za kitoto anaweza asiamini kama ni onyo kweli.

Comic Sans yenyewe, mama yao wote kwa umaarufu, ilizaliwa kwa swali hilohilo. Mwaka 1994 Vincent Connare, aliyekuwa anachora fonti Microsoft, alioneshwa programu ya majaribio inaitwa Microsoft Bob, ndani yake kuna mbwa wa katuni anamuelekeza mtumiaji kwa viputo vya maneno kama kwenye vitabu vya katuni, sasa maneno ya huyo mbwa yameandikwa kwa Times New Roman, ile fonti ya magazeti na barua za ofisini. Fikiria mbwa anabweka kama hakimu. Connare akaona hapana, akaanza kuchora herufi huku anaangalia vitabu vya katuni alivyokuwa navyo. Kwenye Bob haikuwahi kuingia, herufi zake zilikuwa kubwa kuliko nafasi zilizokuwa zimeshapimwa, ila ikaja kutoka kwenye nyongeza ya Windows 95, watu wakaikuta kwenye kompyuta zao na wakaiandikia kila kitu, mpaka mabango ya ofisini. Tarehe 4 Julai 2012 pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia huko Ulaya, walipotangaza wameipata chembe mpya, ile ya Higgs, slaidi za mwanafizikia Fabiola Gianotti zilikuwa za Comic Sans, na mtandaoni wapo walioiacha chembe wakabaki wanabishana na fonti.

Herufi ni zilezile. Kwa mbwa wa katuni ziko nyumbani, kwa sayansi nzito watu wanakunja uso. Kwa hiyo kama maneno yako hayachekeshi wala hayakumbatii mtu, funga mwongozo huu tafuta fonti nyingine, hutakuwa umepoteza kitu.

Hatua ya 2: Tafuta fonti, na uipime kwa Kiswahili

Pa kuanzia ni Google Fonts, tovuti ya fonti ya Google, ni bure na zimepangwa vizuri. Ziko za aina mbili usizichanganye. Kuna zile za mwandiko hasa, zinaonekana mkono umepita, kama Patrick Hand, Gochi Hand, Indie Flower, Schoolbell na Caveat. Alafu kuna zile za duara tupu, nono, zimenyooka lakini hazina mwandiko ndani yake, kama Fredoka na Baloo. Za kwanza zinafaa ukitaka ionekane mtu kaandika, za pili zinafaa jina la duka la vitu vya watoto, vitufe vya apu, vitu vinavyotakiwa kusomeka haraka. Katikati yake kuna Comic Neue ya Craig Rozynski, ya 2014, aliyeichukua Comic Sans akainyoosha mgongo, mi naipenda kwa maandishi marefu kidogo.

Kuna nyingine imepewa jina kwa neno letu kabisa, Andika, ya SIL, shirika linaloshughulika na lugha. Sio ya kuchekesha, ila imetengenezwa kwa ajili ya wanaojifunza kusoma, "a" na "g" zake ni zile za mkono ambazo mtoto anafundishwa kuandika, na herufi zinazofanana zimetenganishwa makusudi. Ukiwa na kitabu cha mtoto anayeanza kusoma, weka kichwa kwa fonti ya kucheza, ndani weka Andika.

Sasa kupima. Kurasa za fonti huwa zinakuonesha sentensi za Kiingereza, hizo hazikusaidii. Bandika hii:

Ng'ombe yule hawezi kuvuka daraja, fisi amecheka, panya katoroka. Saa 11, mzee, choo, kioo, Ijumaa.

Hadithi haina maana, najua, lakini sentensi ya kwanza ina herufi zote 24 tunazotumia, na ya pili ina mitego. Angalia hivi:

Kwanza "saa", "mzee", "kioo". Kiswahili kina irabu pacha nyingi mno, na kwenye fonti ya mwandiko pacha wakifanana mia kwa mia siri inafichuka hapohapo kwamba hii ni mashine, hakuna binadamu anayeandika "o" mbili zikawa sawasawa. Fonti nzuri zina herufi mbadala ndani, ukiandika "oo" inakupa ya pili tofauti kidogo yenyewe. Sio zote zinazo, na kwa neno moja sio kesi, ila kwa jina la kitabu lenye "oo" katikati utaiona mpaka uchoke.

Pili "Ijumaa" na "11". I kubwa, l ndogo na 1 zisiwe vijiti vitatu vinavyofanana.

Tatu, na hii ndo kubwa, ile ritifaa ya "Ng'ombe".

Ngoja niwaambie. Nilitengeneza kijitabu cha mtoto wa dada yangu, kurasa nane, jalada lina ng'ombe wa bluu na jina la hadithi kwa fonti moja ya duara tamu sana niliyoidanlodi sijui wapi. Kwenye skrini nilipokuwa nachora ilikaa vizuri. Nikahamisha maneno kwenye programu ya kuandikia nimalizie kurasa za ndani, nikachapa, nikabana, nikampelekea. Akaweka kidole kwenye jalada: "Anko, hii herufi gani?" Naangalia, imeandikwa Ng alafu kimraba kitupu alafu ombe. Kurasa zote nane hivohivo.

Kilichotokea ni kwamba ritifaa ziko mbili. Kuna iliyonyooka kama msumari, ndo inayotoka kwenye kibodi, na kuna iliyopinda kama mkia, ambayo programu nyingi za kuandikia zinaiweka zenyewe badala ya ile bila kukuuliza. Fonti yangu ilikuwa na ya kwanza tu. Ya pili aliyeichora hakujisumbua, na fonti ikikosa alama kompyuta ina mawili, inakopa kutoka fonti nyingine, unapata kimkia kigeni kembamba katikati ya herufi nene, au inakuwekea kimraba. Kwetu sisi hii sio alama ya mapambo, bila ritifaa "ng'" inakuwa "ng" na neno limeharibika, kwa hiyo pima zote mbili kabla hujaipenda fonti.

Na kama umeshaipenda na haina? Chukua mkato wa fonti hiyohiyo, ile koma, uupandishe juu mpaka ulingane na kichwa cha herufi ndefu. Ritifaa iliyopinda ni mkato uliopandishwa tu, ukubwa uleule, hakuna atakayejua. Nilifanya hivo kwenye toleo la pili la ng'ombe.

Hatua ya 3: Leseni

Fupi lakini usiiruke. Fonti nyingi za Google Fonts ziko chini ya leseni ya wazi inayoitwa SIL Open Font License, maana yake unaitumia bure hata kwenye kazi ya biashara, unaichapa, unaiweka kwenye tovuti, unaweza hata kuibadilisha, usichoruhusiwa ni kuiuza fonti yenyewe peke yake. Huko kwingine utakutana na zilizoandikwa ni za matumizi binafsi tu, hizo ni kadi ya mwanao sawa, nembo ya duka la mteja hapana, mpaka ulipie. Mara nyingi hizo ndo zinazokosa ritifaa na tarakimu pia, kwa sababu mwenyewe ametoa kionjo tu. Ukidanlodi, lile faili dogo la maandishi linalokuja na fonti usilifute, ndo leseni yako, lihifadhi pamoja na kazi.

Hatua ya 4: Iweke kwenye mashine

Faili likija kwa zipu lifungue kwanza. Ndani utakuta faili la fonti la aina ya TTF au OTF, yoyote sawa. Kwenye Windows bofya kulia uchague kuinstoli, kwenye Mac bofya mara mbili. Zima programu yako uiwashe tena, nusu ya watu wanaosema fonti haionekani hawajafanya hilo tu. Kwa tovuti tafuta faili la aina ya WOFF2, ni jepesi.

Hatua ya 5: Ipe saizi na hewa

Hapa ndo kazi ilipo. Fonti za mwandiko wa duara zinaumbuka zikiwa ndogo, matundu ya "a" na "e" yanaziba na kila neno linakuwa kamba ya shanga. Mi sishuki chini ya pointi 14 kwenye karatasi, na kwa mtoto anayeanza kusoma naanzia 18 kwenda juu. Kwa bango kuna kipimo cha watu wa mabango, kila mita tatu za umbali zinataka herufi yenye urefu wa sentimita mbili na nusu hivi. Mtu atasoma akiwa mita 12? Sentimita 10. Usikadirie kwa macho kwenye skrini, skrini iko sentimita 50 kutoka usoni kwako, inakudanganya.

Mistari iachanishe, 1.4 mpaka 1.5 ya saizi ya herufi, maana mikia ya g, j na y kwenye fonti hizi ni mirefu na imejikunja, na Kiswahili kina g, j na y kila kona, andika "jana jioni yeye aligonga" kwa mistari iliyobanana uone mikia inavyoingia kwenye vichwa vya mstari wa chini. Alafu maneno yetu ni marefu. "Wanaotufundisha" kwa herufi nono linakula mstari mzima wa kadi, sasa badala ya kulikata au kulibana badilisha sentensi, "walimu wetu", yakae.

Sitaki kukuona unafanya haya:

Usiivute. Kuitanua fonti kwa upana ili ijaze nafasi kunafanya mistari ya kusimama iwe minene na ya kulala ibaki myembamba, na uzuri wote wa hizi fonti ni kwamba kalamu ina unene mmoja mwanzo mwisho.

Usibonyeze kile kitufe cha herufi nzito kama fonti haina uzito wake wa kweli. Programu inazipaka mafuta tu pembeni, matundu yanaziba. Kama unataka nzito chukua familia yenye uzito mbalimbali, Fredoka na Baloo 2 zinao.

Usiandike herufi kubwa tupu kwa fonti ambayo herufi zake zinashikana mikono, haisomeki. Zile za katuni zenyewe zinavumilia, vitabu vya katuni vingi vimeandikwa kwa herufi kubwa tangu zamani, ila hata hapo maneno mawili matatu yanatosha.

Na rangi. Watu wakiona fonti ya kitoto wanaona leseni ya kutumia rangi saba, kila herufi na yake, njano juu ya nyeupe. Njano juu ya nyeupe haionekani, basi. Miongozo ya tovuti, ile ya WCAG, inataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi na kilicho nyuma yake iwe angalau 4.5 kwa 1, au 3 kwa 1 kama maandishi ni makubwa, na ziko zana za bure za kupima hilo, unaweka rangi mbili inakupa jibu. Mi nachukua rangi moja nzito kwa maneno na za kuchezea naziacha kwenye michoro.

Kuna jambo watu wanaliuliza sana, kama fonti hizi zinawasaidia wenye shida ya kusoma. Chama cha Disleksia cha Uingereza kwenye mwongozo wake kinaitaja Comic Sans pamoja na Arial na Verdana kama fonti zinazofaa, saizi 12 mpaka 14, mistari 1.5. Angalia kwamba Arial nayo imo. Kinachotafutwa ni herufi iliyo wazi yenye hewa, na fonti ya mwandiko iliyojikunja kunja kwa madoido haipo kwenye orodha hiyo, kwa hiyo usiseme umeiweka Indie Flower kwenye mtihani ili kuwasaidia wanafunzi.

Hatua ya 6: Itafutie mwenzake mkimya

Fonti moja ya kucheza, moja ya kawaida, mwisho. Ya kucheza inashika jina na labda mstari mmoja wa kukaribisha. Tarehe, saa, mahali, namba ya simu, hizo zote mpe mwenzake, Nunito au Quicksand kama unataka uduara uendelee kidogo kidogo, au yoyote isiyo na vikorombwezo. Mtu akitafuta saa ya kufika hataki kuchekeshwa, anataka kujua kama ni saa 4 au saa 9, na kwenye baadhi ya fonti za mwandiko 4 na 9 ni ndugu wa tumbo moja.

Usiweke mbili za mwandiko kwenye ukurasa mmoja. Inaonekana kama watu wawili wameandika barua moja na hawakuelewana.

Hatua ya 7: Angalia inaenda kwenye kitu gani

Karatasi haina shida. Stika za kukatwa na mashine zinapenda sana herufi za duara, kisu kinapita kwenye mzunguko bila kukwama na ncha butu hazinyanyuki kirahisi kama zile kali, hapa chukua nono, Baloo kwa mfano. Kwenye mbao za kuchongwa vilevile, kile kisu cha mashine kinachozunguka chenyewe ni duara, kwa hiyo kona za ndani kinazifanya za duara utake usitake, ukimpa herufi ambazo tayari ni za duara kinachotoka kinafanana na ulichochora. Nguo za kudarizi ndo zinasumbua, mistari myembamba chini ya milimita 1 inapotea kwenye uzi, Caveat ndogo kwenye mfuko wa shati sahau.

Ukitaka mwandiko wako mwenyewe uwe fonti, inawezekana na sio kazi ya ajabu. Kuna tovuti inaitwa Calligraphr, inakupa karatasi yenye vyumba, unaandika herufi kila moja chumba chake, unaskani, unapakia, inakurudishia fonti. Tumia makapeni yenye ncha ya duara na uendelee nayo hiyohiyo mwanzo mwisho, usibadili kalamu katikati. Andika haraka kidogo, ukiandika polepole mkono unatetemeka na herufi zinatoka kama za mtu anayefanya mtihani. Irabu ziandike mara mbili kama karatasi ina nafasi ya mbadala, unakumbuka "oo". Na ritifaa, jaza vyumba vyote viwili. Ukitaka kurekebisha zaidi kuna FontForge, programu ya kuchora fonti, ya bure, ina sura ya zamani lakini inafanya kazi.

Hatua ya 8: Kabla ya kutuma

Mwenye printa hana fonti yako. Ukimtumia faili la kuandikia kompyuta yake itaweka fonti nyingine na mpangilio wote utalala. Tuma PDF iliyobeba fonti ndani yake, au kwenye programu ya kuchorea geuza herufi ziwe michoro, ila kabla hujageuza weka nakala, maana zikishakuwa michoro huwezi tena kurekebisha tahajia.

Alafu ifungue hiyo PDF kwenye simu, sio kwenye kompyuta uliyoitengenezea, kompyuta yako ina fonti hivo haitakuonesha kosa. Ikuze, pita kila neno lenye ng' moja moja: ng'ombe, ng'ambo, kung'aa, kung'oa. Ukikuta kimraba, rudi kwenye ule mkato wa kupandisha.